Indiana Jones: Mvumbuzi wa mahame anayeandamwa na mahasimu

HUVAA kofia ya ukingo mpana na koti la ngozi, na kiunoni huning'iniza mjeledi. Darasani ni mhadhiri mpole mwenye miwani, lakini likizo ikifika huonekana akijipenyeza katika magofu yaliyosahaulika, nyuma yake wakimfuata watu walio tayari kumwaga damu ili wamnyang'anye alichogundua.

Huyo ndiye Indiana Jones, mhusika wa kubuni ambaye kwa zaidi ya miaka 40 ameujenga mtazamo wa mamilioni ya watu kuhusu akiolojia, yaani elimu ya kuchimbua na kuchunguza mabaki ya kale.

Mhusika huyu ni zao la fikra za George Lucas, mtayarishaji filamu wa Marekani. Utotoni Lucas alipenda filamu fupi za mfululizo za miaka ya 1930 na 1940, ambazo kila sehemu yake ilikatika shujaa akiwa ukingoni mwa mauti ili watazamaji warejee wiki iliyofuata.

Mnamo 1977, wakiwa Hawaii, Lucas alimsimulia rafikiye, Steven Spielberg, kuhusu wazo hilo. Spielberg alikubali kuielekeza filamu hiyo, na Lawrence Kasdan akaandika mswada wake. Jina Indiana lilitokana na mbwa wa Lucas. Jina la ukoo lingekuwa Smith, ila Spielberg hakulipenda, likageuzwa kuwa Jones.

Mwigizaji aliyeteuliwa kwanza alikuwa Tom Selleck, lakini alifungwa na mkataba wa kipindi cha televisheni. Ndipo nafasi hiyo ikamwangukia Harrison Ford, aliyeishikilia katika filamu zote 5 zilizotolewa 1981, 1984, 1989, 2008 na 2023.

Filamu ya kwanza, Raiders of the Lost Ark, ilianza kuonyeshwa Marekani Juni 12, 1981. Ilitwaa tuzo 4 za Oscar, mbali na tuzo maalumu ya uhariri wa sauti. Mnamo 1999 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa milele.

Hasimu aliye kioo

Kisa chenyewe kinaanza 1936. Katika msitu wa Peru, Jones anaingia hekalu la kale lililojaa mitego na kutoka na sanamu ya dhahabu. Hata kabla hajavuta pumzi, anamkuta nje René Belloq, mwanaakiolojia Mfaransa, akiwa na kundi la wapiganaji wenyeji. Belloq anaichukua sanamu hiyo bila kutokwa na jasho, na Jones anaponea chupuchupu.

Baadaye serikali ya Marekani inamtuma Jones kulitafuta Sanduku la Agano, ambalo Biblia inasema lilihifadhi mbao za Amri Kumi. Wanazi wa Ujerumani nao wanalisaka wakiamini litalipa jeshi lao nguvu zisizoshindika. Wamekodi maarifa ya Belloq, na tayari wanachimba Tanis, mji wa kale wa Misri.

Ufunguo wa siri hiyo ni kidani cha kuwekwa juu ya fimbo, ili miale ya jua ipite katikati yake na kuonyesha mahali Sanduku lilipozikwa. Wajerumani wana nakala ya upande mmoja tu. Jones, kwa msaada wa mzee msomi wa Kairo, anasoma pande zote mbili na kutambua kwamba fimbo ya wapinzani wake ni ndefu kupita kiasi. Kumbe wanachimba pasipo!

Ila furaha yake haidumu. Alfajiri, Sanduku likiwa limetolewa shimoni, Belloq na askari wa Kijerumani wanalitwaa na kumfungia Jones humo pamoja na mpenzi wake, Marion, katikati ya maelfu ya nyoka.

Hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki. Belloq si jambazi asiyejua athari za vitu vya kale. Ni msomi kama Jones, na mwenyewe anamkumbusha mwenzake kwamba tofauti yao ni ndogo mno: kusukumwa kidogo tu nje ya mwanga, Jones naye angekuwa yeye. Mtazamaji anabaki akijiuliza ni nini hasa kinachomtenga mtafiti na mwizi.

Historia halisi

Tanis si mji wa kubuni. Magofu yake yako San el-Hagar, katika delta ya Mto Nile. Hayakuwahi kufukiwa na dhoruba ya mchanga wala kupotea machoni pa watu kama filamu inavyodai, kwani wataalamu walikuwa wakiyachimba tangu karne ya 19. Mnamo 1939 Mfaransa Pierre Montet aligundua hapo makaburi ya wafalme wa nasaba za 21 na 22, na baadaye kinyago cha dhahabu cha Psusennes wa Kwanza. Vita vya Pili vya Dunia vilipolipuka, habari za ugunduzi huo zilifunikwa na milio ya mizinga.

Wanazi nao kweli walijiingiza katika masuala ya kale. Mnamo 1935 Heinrich Himmler alishiriki kuunda taasisi ya Ahnenerbe, iliyopewa kazi ya kutafuta ithibati za ubora wa ile iliyoitwa jamii ya Waarya. Ilikuwa elimu iliyolazimishwa kuitumikia chuki.

Shujaa wa aina hii si mgeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Mwaka 1885 Mwingereza H. Rider Haggard alichapisha hadithi ya Allan Quatermain, mwindaji anayetafuta hazina kusini mwa Afrika. Tafsiri ya Frederick Johnson, Mashimo ya Mfalme Sulemani, ilitoka 1929 na kusomwa na vizazi vingi Afrika Mashariki.

Ndoto za utajiri wa Sulemani zilikuwa na gharama. Mnamo 1895 iliundwa kampuni iliyopewa idhini ya kuchimba magofu ya eneo ambalo sasa ni Zimbabwe, ikitafuta dhahabu. Tabaka za udongo zilizobeba historia zilivurugwa, na ushahidi uliopotea humo haurudi tena. Wakoloni wengi walishikilia kwamba Great Zimbabwe ilijengwa na wageni, ingawa Gertrude Caton-Thompson alithibitisha, kufuatia utafiti wake wa 1929, kwamba ni kazi ya Waafrika wenyewe.

Nchini Peru, Mmarekani Hiram Bingham alisifiwa kwa kugundua Machu Picchu mwaka 1911. Lakini alipelekwa huko na mkulima wa eneo hilo, na alikuta familia zikilima kandokando ya kuta hizo. Maelfu ya vitu alivyovichukua vilihifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale kwa karibu karne nzima, hadi makubaliano ya 2010 yalipofungua njia ya kurejeshwa.

Kasoro ya shujaa

Ni dhahiri, basi, kwamba neno "kupotea" lina utata. Mahame yanayosemekana kupotea mara nyingi yanajulikana vyema na wanaoishi jirani. Katika filamu za Jones, wenyeji hao huwa wachukuzi, maadui au umati wa sokoni, na ni nadra kuulizwa wanataka mali ya mababu zao ipelekwe wapi. Filamu ya 1984, Indiana Jones and the Temple of Doom, ilinyimwa idhini ya kupigwa India kwa jinsi ilivyowasawiri Wahindi, ikapigwa Sri Lanka.

Aidha, Jones hachori ramani wala kuandika kumbukumbu. Hunyakua na kukimbia. Mwanaakiolojia halisi hutumia siku nyingi akipiga udongo brashi, kwa maana kigae kilichong'olewa bila kurekodiwa kilikuwa wapi hupoteza nusu ya habari zake.

Mfano upo Gede, Kilifi. James Kirkman alianza kuchimba mji huo wa Waswahili mwaka 1948, na vigae vya vyombo vya Kichina alivyovipata vimesaidia kueleza biashara ya Bahari Hindi. Mnamo Julai 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO.

Mahasimu hatari nao wangalipo, ingawa hawavai sare za kijeshi. Vigango, nguzo ambazo Wamijikenda huwasimikia wafu wao, viliibwa kwa miongo mingi na kuuzwa ng'ambo kama mapambo. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois, Marekani, yalirejesha Kenya vigango 37. Waliovichukua kutoka makayani hawakuhitaji mjeledi wala ramani ya siri, bali giza na mnunuzi tu.

Mkataba wa UNESCO wa 1970 unapiga vita biashara haramu ya mali ya utamaduni, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Hata hivyo, sheria haiwezi kulinda kitu ambacho hakijaorodheshwa popote.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Jones huokoa hazina kwa mbio na ngumi. Hazina zetu zitaokolewa na daftari la mtafiti, na jicho la mwanakijiji anayejua thamani ya kilicho uani mwake.