Kiapo cha Mzee Kingunge

Wilaya ya Kilwa ina magofu ya Kisiwani upande wa bahari, na upande wa bara ina vilima vya Umatumbi, vilikoanzia Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Katika wilaya hiyo alizaliwa Kingunge Ngombale-Mwiru, tarehe 30 Mei 1930. Hakuwa malenga, lakini maisha yake yote aliyaendesha kwa neno.

Aliingia TANU mwaka 1954, mwaka ule ule chama kilipoasisiwa, akawa miongoni mwa wafafanuzi wakuu wa siasa ya Ujamaa. Baadaye alikuwa mbunge wa kuteuliwa na Rais, na waziri katika serikali za Mkapa na Kikwete. Mbunge wa namna hiyo hana jimbo la kumsimamia. Nguvu yake ni hoja na uaminifu wake. Wenzake walipoapa, huyu aliinua Msahafu, yule Biblia. Kingunge aliapa mikono mitupu. Hakutaka shahidi mwingine wa ahadi yake isipokuwa ulimi wake mwenyewe.

Mwaka 2014 aliingia Bunge Maalumu la Katiba mjini Dodoma kupitia kundi la waganga wa tiba asilia. Mtu asiyeapa kwa kitabu akaketi kwa niaba ya wenye mizizi na makombe. Ajuaye habari za Kinjikitile na maji yake hatalistaajabia sana jambo hilo kwa mtoto wa Kilwa.

Mtihani mkubwa ulimfika uzeeni. Mwaka 2015 jina la Edward Lowassa lilipokatwa katika mchujo wa mgombea urais, Kingunge alilalamika kwamba katiba ya chama imekiukwa. Tarehe 4 Oktoba alitangaza kuondoka CCM, baada ya miaka 61 tangu aingie TANU. Hakujiunga na chama kingine, bali alimnadi Lowassa majukwaani. Lowassa alishindwa.

Hapa pana swali zito. Tangu mwaka 1975 katiba ya nchi ilikiweka chama juu ya vyombo vyote, na Kingunge alikuwa mmoja wa sauti za itikadi hiyo. Visiwani haijasahauliwa kwamba Aboud Jumbe alilazimika kujiuzulu mwaka 1984, na Seif Sharif Hamad akafukuzwa chamani mwaka 1988. Wakati huo hapakuwa na jukwaa la pili la kupandia. Mlango aliotokea Kingunge ulifunguliwa na mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Waliomtangulia waliukuta umefungwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alipoona kanuni imevunjwa aliondoka akiwa na miaka 85, umri ambao wengi hunyamaza ili wazikwe kwa heshima. Alifariki Dar es Salaam tarehe 2 Februari 2018, akazikwa Kinondoni. Deni la maneno yake ya zamani halikufutika. Ila neno lake la mwisho alilitimiza kwa kitendo.