Kichwa cha treni cha dizeli kisichotumia dizeli: reli za bustanini zinavyofanya kazi

Nchini Ujerumani wapo watu wanaotandika reli bustanini, katikati ya maua na mboga, kisha wanaendesha treni isiyofika kimo cha kuku. Watoto huifurahia, lakini mara nyingi mwenye nayo ni babu yao.

Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya mjini Nuremberg ilianza kuuza treni hizi kwa jina la LGB. Umbali kati ya reli mbili ni milimita 45, na vipimo vyake vingi vimepunguzwa mara 22 na nusu. Hesabu hiyo inatuhusu hata sisi. Ukipunguza kiasi hicho reli yenye upana wa mita moja, unapata karibu milimita 45. Reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu ni ya upana huo wa mita moja, na ya Dar es Salaam hadi Kigoma vilevile. Ya kisasa, SGR, ni pana zaidi.

Milima ya Harz huko Ujerumani nayo ina reli ya mita moja. Huko kuna vichwa vya dizeli ambavyo watu huviita Ngamia wa Harz, na LGB imevitengenezea mfano wa bustanini wenye urefu wa takriban sentimita 60. Mfano huo hauna tangi wala dizeli. Ndani mna mota za umeme, na ule muungurumo unatoka kwenye spika ndogo.

Umeme unatoka wapi? Unapita kwenye reli zenyewe, ambazo ni za shaba ya manjano, na magurudumu huuchukua. Kwa mfumo wa zamani, ukigeuza chanya na hasi, treni inarudi nyuma. Kwa mfumo mpya, kila kichwa kina chipu yenye namba yake, hivyo viwili vinaweza kuwa kwenye reli moja, kimoja kikaenda na kingine kikasimama.

Siku ya kwanza ya kukiendesha kichwa kipya ndiyo yenye mtihani. Kinatembea mita mbili kisha kinazima, na mwenyewe anadhani ameuziwa kibovu baada ya kulipa mamia ya euro. Mara nyingi kosa liko kwenye reli. Vumbi, umande na utomvu wa majani vinazuia umeme kufika kwenye magurudumu, kwa hiyo reli hufutwa kwanza. Viungio navyo hukaguliwa, maana kimoja kikilegea, umeme unapungua mbele yake. Baada ya hapo kichwa huendeshwa polepole bila mabehewa, mbele na nyuma, hadi gia zizoee.

Kona nazo zina mambo yake. Kichwa kirefu kikikata kona kali, pua yake hutokeza nje ya reli na kugonga kichaka au jiwe la pambo. Kwenye mwinuko, sentimita 3 kwa kila mita tayari ni mlima, na mabehewa yakiwa mengi magurudumu yatateleza papo hapo. Tena, reli ikizunguka na kujirudia yenyewe kama kitanzi, ya kulia hukutana na ya kushoto na inapiga shoti. Sehemu hiyo lazima ikatwe na kuwekewa swichi yake.

Hapa tunaomba wazazi wasome kwa makini. Umeme wa kwenye reli hizi hauzidi volti 24 hivi, na hupunguzwa na transfoma inayokaa ndani, mahali pakavu. Umeme wa nyumbani wa volti 230 usiunganishwe kamwe na reli au waya wa mchezo wowote. Unaua.

Wengine wamechoka kufuta reli. Wanaweka betri ndani ya kichwa au kwenye behewa la kwanza na kukiongoza kwa rimoti. Hapo kazi ya reli ni kuongoza magurudumu tu, na hata ikishika kutu treni inatembea. Kijana aliyewahi kufunga mota ya redio kaseti mbovu kwenye gari la makopo, akaitia betri mbili, anaujua tayari utaratibu huo.