Mfuko wa Jimbo: fedha ni za nani, na nani anaamua?

Mbunge anapokabidhi mabati au saruji kijijini, wengi hujiuliza: ametoa mfukoni mwake? Kama vifaa hivyo vimetoka Mfuko wa Jimbo, jibu ni hapana. Ni kodi yako wewe msikilizaji.

Mfuko ulivyoanza

Bunge lilipitisha sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo mwaka 2009, Waziri Mkuu akiwa Mizengo Pinda, jirani yetu wa Kibaoni. Kila jimbo, likiwemo Kavuu ambalo Usevya imo, hupata mgawo kwa kuzingatia idadi ya watu, ukubwa wa eneo na hali ya umaskini. Fedha hupitia halmashauri. Kwetu ni Mpimbwe. Mwenyekiti wa kamati inayochagua miradi ni mbunge mwenyewe. Ndani yake wamo pia ofisa mipango, madiwani na watendaji wa kata.

Uzuri wake

Wananchi wakichanga tofali na nguvu zao, boma la darasa likafika kwenye linta na kukwama, mfuko unaweza kumalizia paa bila kusubiri bajeti ndefu ya serikali.

Ubaya wake

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali. Mbunge akipanga matumizi, nani atamsimamia yeye? Tena kijiji kilichomnyima kura kinaweza kusahaulika, na mabati yakasubiri msimu wa kampeni. Nchini Kenya, ambako mfuko kama huu ulianza 2003, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2022 kwamba sheria yao ya 2013 ilikiuka Katiba, kwa sababu ilichanganya kazi za wabunge na za watendaji.

Ufanye nini?

Kwa maoni yetu, mfuko unafaa pale mradi unapotoka kwa wanakijiji na hesabu zinaposomwa hadharani. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi 3. Uliza: jimbo limepata shilingi ngapi? Sisi tuliomba nini? Kamati iliamua nini, na muhtasari uko wapi?

Mkaguzi Mkuu hukagua vitabu. Bati lililofika au lisilofika shuleni unaliona wewe.