Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Jaji Hatunzi

Katika taarabu ya harusi Mombasa au Lamu, mwimbaji akimgusa mtu moyo, mtu huyo huinuka, akacheza mpaka mbele na kumtunza noti. Hukumu hutoka papo hapo. Vijana wetu wanapokwenda kushindana Nairobi hubeba matarajio hayo hayo: ukumbi ukijaa vigelegele, basi ushindi ni wetu. Matokeo yakisomwa na wakawa wa tatu, safari nzima ya kurudi Pwani huwa na neno moja tu: "Tumeonewa."

Huenda wameonewa kweli. Lakini kabla ya kulalamika, ni vyema kujua jaji alikuwa akipima nini.

Kila kitengo kina mizani yake

Mashindano makongwe zaidi ya aina hii nchini ni Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927. Shule huanza ngazi za chini, zikapanda hadi kaunti, kanda na hatimaye taifa. Jaji halinganishi kila kitu na kila kitu. Wimbo uliopangwa, ambao kwaya zote huimba ule ule, hupimwa kwa usahihi: sauti, mapigo, matamshi, na uaminifu kwa nota zilizoandikwa. Utunzi mpya hupimwa zaidi kwa ubunifu na jinsi ujumbe unavyofika. Shairi hupimwa kwa matamshi, pumzi na jinsi msomaji alivyoyaelewa maneno yake. Ngoma ya asili hupimwa kwa nyimbo, ala, mavazi, miondoko na uhalisi wake.

Wapwani wanaufahamu utaratibu wa namna hii kutoka mashindano ya kuhifadhi Qur'ani. Pale msomaji huanza na alama kamili, kisha hupunguziwa kwa kila kosa la hifadhi au tajwidi. Sauti tamu ina fungu lake, lakini haifuti kosa. Jukwaani pia, shangwe haiwezi kufuta sauti iliyopotea au muda uliopitilizwa.

Hesabu ya meza ya majaji

Tuchukue mfano wa majaji watatu, kila mmoja akitoa alama kati ya 100. Kwaya ya kwanza imepata 82, 78 na 80, jumla 240. Ya pili imepata 90, 74 na 75, jumla 239. Mashabiki wa kwaya ya pili wataikumbuka ile 90 milele, lakini wameshindwa kwa alama moja.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Jaji anayetoa alama kati ya 60 na 95 ana nguvu kuliko mwenzake anayebaki kati ya 78 na 82, hata kama wote ni waadilifu. Ndiyo maana baadhi ya mashindano duniani huondoa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa, na mengine huwataka majaji wakubaliane kiwango kabla ya pazia kufunguliwa.

Mashindano ya televisheni ni jambo jingine. Katika Tusker Project Fame, iliyoanza Nairobi mwaka wa 2006, majaji kama Ian Mbugua walisema ukweli mchungu, lakini watazamaji nao walikuwa na kura zao. Hapo vigelegele vilikuwa na uzito. Kwenye tamasha la shule havina.

Tunapopoteza, na tunapopotezewa

Uhalisi ndiyo sehemu nyeti zaidi kwetu. Chakacha ni ngoma ya wanawake wa Kiswahili, ya harusini, yenye mapigo yake na nyimbo zake za mafumbo. Ikifika jukwaani mara nyingi hubaki kiuno tu. Jaji asiyeijua akiitunuku ngoma ya kiuno, mwaka unaofuata shule zote zitaleta kiuno, na mafumbo yatasahaulika. Sengenya ya Wadigo nayo huweza kupatwa na hayo hayo. Jaji, kwa hivyo, hachagui mshindi tu, huamua pia watoto watafundishwa nini.

Kwa sababu hiyo tuna haki ya kudai mambo mawili. Kwanza, kila kundi la majaji wa ngoma za Pwani liwe na mtu anayezijua. Pili, anayefunza shule fulani, au mwenye mwana jukwaani, asikae meza hiyo.

La kufanya

Mwalimu, soma mwongozo wa kitengo chako kabla ya kuchagua wimbo. Pima muda kwa saa, ukihesabu pia kuingia na kutoka. Baada ya onyesho, sikiliza maelezo ya jaji na uyaweke maoni yake ya maandishi. Hayo ndiyo somo la mwaka ujao. Ukiwa na malalamiko, yaandike kwa kutaja kanuni iliyovunjwa. "Watu walitushangilia" si hoja.

Iwe ni Kenya National Theatre kwenye barabara ya Harry Thuku au ukumbi wa Oshwal upande wa Westlands, ugenini ni ugenini. Mcheza kwao hutunzwa. Anayecheza ugenini hupimwa, basi na ajue mizani kabla hajapanda jukwaani.