Kava ya Dirisha Inakula Rangi ya Ndai? Vitu 6 za Kufanya Ukienda Kambi

Siku hizi kuna mavijana wananunua vani, wanatoa viti, wanaweka kitanda na jiko, alafu wikendi ni Naivasha ama Nanyuki. Ndai inageuka keja. Noma inaanza usiku. Kioo cha mbele ni kikubwa na ni chembamba, na joto inatorokea hapo. Ndio maana wasafiri wengi huvalisha ndai kava nzito ya nje, ile inafunika kioo cha mbele pamoja na madirisha za milango ya mbele.

Kava ya nje inashinda ya ndani juu inazuia kioo kupoa sana. Pumzi yenu haigeuki maji kwa kioo na kudondokea dashibodi. Lakini hiyo kava inalalia rangi usiku mzima, na ukiitoa asubuhi unaweza pata mistari kwa boneti na kwa nguzo za kando ya kioo.

Mara mingi kitambaa chenyewe hakina makosa. Kinachokwaruza ni vumbi imenaswa chini yake, na upepo ukiichezesha inakuwa kama msasa. Juu ya rangi kuna klia, ile tabaka ya kung'aa. Kwa ndai nyingi unene wake ni kama mikroni 50, nyembamba kuliko unywele wako. Na vumbi ya Bonde la Ufa imechanganyika na jivu la volkano, kwa hivyo iko na makali.

Fanya hivi:

1. Osha kwanza. Maji ya kutosha kwa boneti, kwa nguzo na chini ya wipa. Ka maji ni ya kubana, tumia kitambaa cha maikrofaiba kikiwa kimelowa. Kupangusa vumbi kavu ni kujikwaruzia mwenyewe.

2. Angalia sumaku. Kava zingine hushikwa na sumaku, na sumaku huvuta chembe za chuma, hata zile za breki. Ipanguse kila mara, na uiweke mahali pake moja kwa moja. Usiiburute kwa rangi.

3. Kaza mikanda. Kava ikipigapiga usiku, asubuhi utaona alama. Buko na vishimo vya chuma vivalishe kitambaa laini. Ka upepo ni mkali sana, geuza ndai ama utoe kava kabisa.

4. Weka stika ya kinga. Mafundi wa kubandika stika za gari wako na plastiki fulani inaonyesha ndani. Si lazima ufunike ndai nzima. Bandika tu penye mikanda inapita, kona za boneti na pembe za milango. Nta nayo inasaidia uchafu usishike sana, lakini haizuii buko ya chuma.

5. Usiiache ikiwa imelowa. Jua likitoka, toa kava, kausha rangi, anika kava pia. Maji na uchafu zikikaa hapo chini siku kadhaa zinaacha madoa. Ka uko Diani, suuza chumvi na maji safi kabla uivalishe tena.

6. Ikunje vizuri. Upande unaogusa rangi ukunjwe ndani, ugusane na wenyewe, alafu weka kwa mfuko. Ukiitupa chini kwa mchanga, kesho unarudisha huo mchanga kwa boneti.

Ka ndai imetoka kupulizwa rangi, usiivalishe chochote mpaka fundi akuambie imekauka kabisa. Kukauka kwa juu si kukauka ndani, na hiyo inaweza chukua wiki kadhaa.

Na ukipata mkwaruzo? Pitisha ukucha polepole. Usipokwama, kuna nafasi polishi itautoa. Ukikwama, umeingia ndani na hiyo ni kazi ya fundi. Ukiona chuma, usingoje mwisho wa mwezi. Zibeni na rangi mapema, juu kutu ikianza inatambaa chini ya rangi na bili inapanda.

Ka vani ni ya kukodi, piga picha za boneti na milango mbele ya mwenyewe kabla muondoke. Kava ikiacha alama, angalau mnajua ni gani mlipata na ni gani mliacha, na hutakatwa depo ya mikwaruzo ya wengine.