Picha Zisizo na Majina

Katika sanduku la vitabu vya madrasa yetu hapa Katandala, mjini Sumbawanga, imo picha moja ya zamani. Wanaonekana wanaume kumi na mmoja wenye kanzu na kofia, na mbele yao watoto wamekaa jamvini. Siku moja mwanafunzi aliniuliza, "Maalim, hawa ni nani?" Niliweza kumtajia watatu tu. Mzee aliyewajua wote alikuwa ameshafariki, na alipokuwa hai sikupata kumwuliza. Niliona haya, kwani mimi ndiye ninayewahimiza watoto kuijua tarikh ya waliowatangulia.

Swali la mtoto yule lilinifuata hata Unguja nilipokwenda kuwatembelea jamaa, nami nikapata nafasi ya kuzuru majumba mawili ya kale yenye picha.

La kwanza lilikuwa Beit al-Sahel, kasri ya masultani inayotazama bahari. Kasri hiyo ilipigwa mizinga na manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimia hata saa moja, kisha ikajengwa upya. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa jumba la serikali, na mwaka 1994 ikafanywa makumbusho. Kila uso niliouona humo ulikuwa na jina lake: huyu Sayyid fulani, alitawala tangu mwaka huu hadi mwaka ule.

Chumba kimoja kimewekwa kwa ajili ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa 1844. Picha yake mashuhuri yamwonyesha katika mavazi ya binti wa kifalme wa Unguja. Anayeitazama atadhani ilipigwa pale pale kasrini. Sivyo. Ilipigwa Hamburg, Ujerumani, baada ya yeye kuihama nchi yake mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Nguo ni za kwao, lakini nyumba na jina vimekwisha kubadilika.

Mwaka 1875 kaka yake, Sayyid Barghash, alizuru London, na huko naye akapigwa picha pamoja na watu wake. Salme, aliyekuwa mjane, alifika London kwa tamaa ya kupatana naye. Wakubwa wa Kiingereza wakamzuia, wala hawakuonana. Wote wawili wana picha za zama zile, lakini mlango uliofungwa baina yao hauonekani katika picha hata moja. Twaujua kwa kuwa Salme mwenyewe aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka 1886. Basi hata mtoto wa mfalme, picha yake bila ya maelezo ingetupoteza njia. Je, mtu wa kawaida itakuwaje?

Jawabu nililikuta Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, Sayyid Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Katika jengo la kale la misheni, kando ya kanisa, yalifunguliwa mwaka 2016 maonyesho ya habari za biashara ile. Hapo mambo yamegeuka. Wafanyabiashara wakubwa wanajulikana kwa majina kamili. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki 1905, picha zake zipo, na hata habari za maisha yake alizisimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Lakini waliofungwa minyororo hawana majina. Iko picha mashuhuri ya mwaka 1868, iliyopigwa juu ya manowari ya Kiingereza Daphne, ya watu walionusuriwa kutoka jahazini. Wamekaa sitahani, mbavu zao zahesabika. Jina la meli twalijua. Majina yao hatuyajui.

Ndugu msomaji, jambo hili lanigusa. Baba yangu alikuwa akitusimulia kwamba babu yake aliondoka Ufipa na msafara wa pembe za ndovu kuelekea pwani, wala hakurudi. Je, alikuwa mpagazi wa ujira au mateka? Baba hakujua. Na picha haiwezi kunijibu, kwa sababu mpagazi wa ujira na mtumwa wote huonekana wamejitwika pembe ile ile. Nilisimama pale nikizitazama nyuso moja baada ya moja, nikiitafuta pua ya baba yangu.

Yafaa tuseme kweli. Miongoni mwa wenye misafara ile walikuwamo ndugu zetu katika dini, na miongoni mwa waliowauza watu walikuwamo watawala wa bara. Haki haina ujamaa. Anayeficha sura ya tarikh kwa kuwaonea haya jamaa zake huwadhulumu wale wasio na majina mara ya pili.

Najua wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu picha. Wako waliozikataza. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hadi 1920, aliona kwamba kamera haiumbi kitu bali huzuia kivuli tu. Sikusudii kuuamua mjadala huo hapa. Nasema tu kwamba kivuli kikishazuiwa huwa ni amana mkononi mwetu, na amana ina wenyewe.

Tena tusitegemee kuta. Beit al-Ajaib, jumba kubwa alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 jirani na kasri, nalo lilikuwa makumbusho, na sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ikiwa jumba kama lile huanguka, sanduku lako na langu litasalimikaje?

Basi wasia wangu ni mdogo. Leo toa picha za wazee wako. Zigeuze, na kwa kalamu ya risasi andika nyuma, bila kukandamiza, jina la kila mtu, mahali na mwaka. Usichokijua, kaulize wazee kabla hawajaondoka. Usichokipata, usikibuni.

Mimi niliporejea Katandala nilianza kuizungusha ile picha ya madrasa nyumba kwa nyumba. Wale watatu wamekuwa saba. Wanne wamebaki. Ikiwa mzee wako alisoma au alifundisha hapa, karibu uje uitazame.

Wabillahi tawfiq.