Skeli ya Beaufort

Skeli ya Beaufort ni kipimo cha nguvu ya upepo chenye namba kuanzia 0 (shwari) hadi 12 (tufani). Hutumiwa hasa na mabaharia na watabiri wa hali ya hewa. Imepewa jina la Francis Beaufort (1774 - 1857), afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyezaliwa Ireland.

Historia

Beaufort alianza kuitumia skeli yake mnamo 1805-1806. Hakupima kasi ya upepo, bali alitazama manowari ya matanga: upepo unaisukumaje, na inaweza kubeba matanga mangapi. Namba 12 ilikuwa upepo ambao hakuna tanga linaloweza kuustahimili. Jeshi la majini la Uingereza liliikubali rasmi mwaka 1838.

Meli za mvuke ziliposhika nafasi ya matanga, alama nyingine zilihitajika. Mwaka 1906 Mwingereza George Simpson aliongeza alama zinazoonekana nchi kavu.

Kugeuza kasi kuwa namba

Kasi ya upepo hupimwa kwa anemomita. Vipimo vinavyotumika hulinganishwa hivi:

* mita 1 kwa sekunde = kilomita 3.6 kwa saa
* maili 1 ya bahari kwa saa = kilomita 1.852 kwa saa = mita 0.514 kwa sekunde

Kasi ikishajulikana, namba husomwa katika orodha hii (kilomita kwa saa):

* 0: chini ya 1, moshi hupanda wima
* 1: 1-5, moshi huonyesha upepo unakoelekea
* 2: 6-11, upepo husikika usoni
* 3: 12-19, bendera nyepesi hupepea
* 4: 20-28, vumbi na karatasi hupeperuka
* 5: 29-38, miti midogo huyumba
* 6: 39-49, matawi makubwa hutikisika, ni vigumu kushika mwavuli
* 7: 50-61, miti mizima huyumba
* 8: 62-74, vijiti huvunjika mitini
* 9: 75-88, vigae vya paa huweza kung'oka
* 10: 89-102, miti hung'olewa
* 11: 103-117, uharibifu huenea
* 12: 118 na zaidi, maangamizi

Mipaka hiyo hutokana na kanuni v = 0.836 × B^1.5, ambapo v ni kasi kwa mita kwa sekunde na B ni namba ya Beaufort. Ili kupata B, kasi hugawanywa kwa 0.836, kisha hutafutwa kipeuo cha tatu cha jibu na kuzidishwa kwa chenyewe. Kwa mfano, maili 20 za bahari kwa saa ni takriban mita 10.3 kwa sekunde. 10.3 ÷ 0.836 = 12.3, kipeuo chake cha tatu ni 2.31, 2.31 × 2.31 = 5.3. Upepo huo ni wa namba 5.

Mambo ya kuzingatia

Kasi inayogeuzwa ni wastani wa dakika 10, unaopimwa mita 10 juu ya ardhi. Upepo wa ghafla wa sekunde chache huwa na kasi kubwa kuliko wastani, kwa hiyo hautoi namba sahihi. Kifaa kinachoshikwa mkononi nacho huonyesha kasi ndogo, kwa sababu karibu na ardhi upepo huzuiwa na miti, nyumba na ardhi yenyewe.

Namba hizo haziongezeki sawa na nguvu. Msukumo wa upepo hufuata kipeo cha pili cha kasi: kasi ikiwa mara 2, msukumo huwa mara 4. Kwa kanuni ya hapo juu, upepo wa namba 8 una kasi karibu mara 2.8 ya ule wa namba 4, lakini husukuma tanga au ukuta kwa nguvu mara 8.

Matumizi Afrika Mashariki

Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa wanaotumia bahari mara nyingi hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Katika skeli ya Beaufort huo ni mwanzo wa namba 6. Mawimbi makubwa huanza kujitokeza, na povu jeupe huonekana kila mahali. Meli kubwa huendelea na safari, lakini kwa ngalawa au mtumbwi hali hiyo ni ya hatari.